Sabuni ya Maji, Kemia ya Kijani na Maji ya Ziwa: Jibu kwa Msomaji wa Igoma

Dada yangu wa Igoma, Mwanza,

Swali lako nimelisoma, na kwa faida ya wengine nalirudia kwa ufupi. Unatengeneza sabuni ya maji nyumbani na kuwauzia majirani, mama lishe na vijana wanaoosha pikipiki. Mteja mmoja amekataa kununua kwa madai kwamba sabuni yako ina kemikali na inaua samaki wa Ziwa Viktoria, na mwanao aliyeko sekondari amekuletea habari za kemia ya kijani. Unauliza mambo matatu: kemia hiyo ni nini hasa, je, ukiachana na salfoniki, ile asidi ya dukani unayotengenezea sabuni, ukarudi kwenye majivu na mwarobaini utakuwa umeingia humo, na je, unaweza kuandika kwenye lebo kwamba sabuni yako haina kemikali?

La lebo ni jepesi, kwa hiyo nalimaliza kwanza: usiandike hivyo. Maji ni kemikali, chumvi ya mawe ni kemikali, na mafuta ya mawese ni mkusanyiko wa kemikali nyingi. Hata majivu unayofikiria kuyarudia, ukiyaloweka na kuyachuja, hutoa maji ya potasiamu kaboneti ambayo yakikolea huchubua mikono kuliko sabuni unayouza sasa. Sabuni isiyo na kemikali haipo duniani. Mteja anayeelewa atakushangaa, na asiyeelewa utakuwa umempotosha. Linalofaa kuulizwa ni kemikali zipi zimetumika, kwa kiasi gani, zimepatikanaje, na zinaishia wapi maji ya kuoshea vyombo yanapomwagwa.

Maswali hayo ndiyo kemia ya kijani. Ni taaluma ya kubuni vitu, pamoja na njia za kuvitengeneza, kwa namna ambayo sumu na taka hazizaliwi kabisa, badala ya kuzizalisha kwanza na kuhangaika baadaye kuzikamata, kuzisafisha au kuzifukia. Ilianza kupata sura yake mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyoelekeza kwamba uchafuzi uzuiwe kwenye chanzo. Mwaka 1998 wanakemia wawili, Paul Anastas na John Warner, waliandika kanuni 12 zinazofuatwa hadi leo. Sitazitaja zote, kwa kuwa nyingi zinahusu viwanda vikubwa. Zile zinazogusa ndoo yako zitajitokeza zenyewe tunavyoendelea.

Mfano unaofundishwa sana ni ibuprofeni, dawa ya maumivu unayoweza kuinunua katika duka lolote la dawa Buzuruga. Njia ya kuitengeneza iliyobuniwa na kampuni ya Boots ya Uingereza katika miaka ya 1960 ilikuwa na hatua 6, na hata kama kila hatua ingekwenda bila dosari, katika kila gramu 100 za malighafi ni takriban gramu 40 tu ambazo zingeingia kwenye dawa yenyewe. Zilizosalia zingekuwa taka. Njia mpya yenye hatua 3, iliyoanza kutumika kiwandani Texas mwaka 1992, ilipandisha kiwango hicho hadi gramu 77, na ukihesabu asidi ya asetiki inayokusanywa na kupelekwa kwenye matumizi mengine, unakaribia 99. Kipimo hiki cha kuuliza ni atomu ngapi ulizonunua zinaishia katika kitu unachouza kilipendekezwa na mwanakemia Barry Trost mwaka 1991. Niongeze kwamba njia hiyo mpya, pamoja na tuzo iliyopewa mwaka 1997, hutumia floridi ya haidrojeni kama kichocheo, nayo ni kitu cha hatari sana ingawa hukusanywa na kutumika tena na tena. Kemia ya kijani haina mtihani wa kufaulu au kufeli. Unalinganisha njia mbili na kuchagua ile iliyo afadhali.

Sasa tuje kwenye ndoo yako, kwa kuwa huko ndiko kwenye mengi ya kusema.

Salfoniki unayonunua ni asidi. Kabla ya kuchanganywa na soda ashi bado si sabuni, na inaunguza. Inapokutana na soda ashi iliyoyeyushwa katika maji, asidi na soda huvunjana makali na kutoa vitu vitatu: chumvi ya salfoniki, ambayo ndiyo inayong'oa mafuta kwenye sufuria, maji, na kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo ule mchemko wa mapovu unaouona unapokoroga. Ukipima kwa uzito, katika kila gramu 100 za asidi na soda zilizoungana, takriban 92 huwa sabuni, na nane zinazobaki ni maji na hewa ambayo hata sisi tunaitoa puani. Hakuna kuni, hakuna kuchemsha, hakuna kiyeyushi kingine zaidi ya maji. Kwa vigezo vya taaluma hii hiyo ni kazi safi, na sabuni nyingi za mche zinazochemshwa kwa magogo haziwezi kujilinganisha nayo.

Kasoro inaanzia kwenye vipimo. Kilo moja ya salfoniki ya kawaida inahitaji takriban gramu 160 hadi 170 za soda ashi ili asidi yote iishe. Kama kanuni uliyofundishwa inataja robo kilo, karibu theluthi moja ya soda yako haina kazi. Inabaki katika sabuni, inakausha mikono ya mama lishe anayeosha sahani tangu alfajiri, kisha inakwenda mtaroni. Umeinunua ili uimwage. Kinyume chake, soda ikipungua, asidi inabaki na sabuni inawasha. Nunua mzani mdogo wa jikoni na karatasi za kupimia pH, yaani kiwango cha asidi. Hivyo viwili vitakusaidia kuliko kubadili malighafi yoyote. Vaa glavu na miwani, na kila mara mimina salfoniki kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimimine maji ndani ya salfoniki.

Je, salfoniki inaua samaki? Hapa mteja wako ana sehemu ya ukweli, na inafaa apewe haki yake. Kitu chochote kinachong'oa mafuta kwenye sahani kinaweza kuharibu utando wa mashavu ya samaki, na miligramu chache tu za salfoniki katika lita moja ya maji zinatosha kuwadhuru. Jambo linaloamua ni muda ambao kitu hicho kinadumu majini kabla ya kuoza, na hilo lina historia inayostahili kusimuliwa.

Katika miaka ya 1950 sabuni za unga zilizouzwa Ulaya na Marekani zilitengenezwa kwa ndugu wa salfoniki yako, molekuli ambayo mkia wake wa kaboni ulikuwa na matawi mengi. Ilisafisha vizuri na ilikuwa rahisi. Bakteria wa majini, hata hivyo, huula mkia wa namna hiyo kuanzia nchani, kama mtu anavyokula muwa, na wakifika penye tawi hukwama. Povu likajaa kwenye mito na katika mabwawa ya kusafishia majitaka, na katika baadhi ya miji likatoka hata kwenye mabomba ya maji ya kunywa. Ujerumani ilitunga sheria mwaka 1961 iliyoanza kubana mwaka 1964, na viwanda vya Marekani vikahama mwaka 1965. Hawakuhamia kwenye majivu. Waliunyoosha mkia ule, wakaondoa matawi, na bakteria wakaweza kuula hadi mwisho. Salfoniki unayonunua leo ni hiyo yenye mkia ulionyooka, na katika maji yenye oksijeni ya kutosha huoza ndani ya siku chache hadi wiki chache. Jina la kemia ya kijani lilikuwa halijatungwa bado, lakini sioni mfano bora wa kanuni yake ya 10, inayotaka kitu kiundwe tangu mwanzo kwa namna ya kuvunjika kikishamaliza kazi.

Zingatia sharti lile la oksijeni. Salfoniki haiozi vizuri mahali pasipo na hewa, kama vile ndani ya shimo la choo lililojaa au kwenye tope la chini ya maji. Huoza vizuri katika udongo wa juu wenye hewa na bakteria wengi. Kwa hiyo sabuni ile ile inaweza kuwa haina neno au ikawa balaa, kutegemea mahali maji yake yalipomwagwa. Mtu anayefulia pembeni mwa ziwa kule Igombe au Luchelele anaitia katika maji ya kina kifupi, mahali ambapo sato hutaga na makinda yake hukulia, kabla bakteria hawajaigusa. Mtu anayefua uani na kumwaga maji kwenye udongo anawapa bakteria nafasi ya kumaliza kazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezuia shughuli zenye madhara ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na kwa upande wa sabuni umbali huo una sababu ya kikemia. Vijana wako wa pikipiki waambie hivyo. Wengi wao huosha kando ya Mto Mirongo au kwenye mifereji inayoingia humo, na Mirongo unaishia ziwani bila kupita mahali popote pa kusafishwa.

Siku moja utaalikwa kwenye mafunzo ya sabuni ya unga, na utaambiwa uweke tripolifosfeti, aina ya fosfeti, ili sabuni "iwe na nguvu". Kataa, na sababu yake inatuhusu sisi wa Mwanza kuliko watu wa miji mingi. Kazi ya fosfeti katika sabuni ni kuyashika madini ya kalsiamu na magnesiamu yaliyomo katika maji magumu, yasije yakaidhoofisha sabuni. Maji ya Ziwa Viktoria, yanayovutwa Capripoint na Butimba na kufika kwenye bomba lako, ni maji laini. Kalsiamu yake ni kidogo sana. Unalipia dawa ya ugonjwa ambao maji yetu hayana. Anayechota kisima kirefu anaweza kuwa na hoja, ila naye ana mbadala: ziolaiti, madini yanayofanya kazi hiyo hiyo, au kuongeza soda kidogo tu.

Fosfeti inayomwagwa haipotei. Ziwa lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800 lakini kina chake cha wastani ni mita 40 tu; sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, na mto unaotoka ni mmoja, Nile pale Jinja. Maji hupaa, fosforasi hubaki. Inalisha mwani na magugu maji, mwani ukifa unaoza, na uozaji huo unakula oksijeni ya maji ya chini. Ni haki kusema kwamba sabuni si chanzo kikuu: udongo unaomomonyoka mashambani, vumbi na moshi unaoanguka na mvua, pamoja na majitaka, vyote vina mchango mkubwa zaidi. Lakini mmomonyoko wa Sukuma nzima huwezi kuuzuia ukiwa Igoma, na fosfeti ya ndoo yako unaweza kuiacha dukani bila sabuni yako kupungukiwa na kitu.

Jambo linalonisumbua zaidi katika sabuni za mitaani, na ambalo mteja wako hakulitaja, ni fomalini. Wengi huweka kifuniko kimoja au viwili ili sabuni isiharibike. Fomalini ni formaldihaidi iliyoyeyushwa majini. Mvuke wake unachoma macho na koo, unaamsha mzio wa ngozi, na tangu mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Anayevuta mvuke mwingi kuliko wote ni wewe unayekoroga ndoo jikoni, pengine na mtoto mgongoni. Kanuni ya kwanza ya kemia ya kijani, ile ya kuzuia badala ya kusafisha, inauliza kwanza kama kihifadhi kinahitajika. Sabuni inayotengenezwa Jumatatu kwa maji yaliyochemshwa, katika vyombo vilivyosafishwa vizuri, na kuisha ndani ya wiki mbili tatu, mara nyingi haikihitaji. Tengeneza kidogo kidogo kwa kadiri unavyouza.

Kama ni lazima ikae muda mrefu, tumia sodiamu benzoeti, kihifadhi kinachotiwa hata kwenye juisi na soda za chupa, gramu 3 hadi 5 kwa kila lita. Ina masharti: hufanya kazi katika hali ya uasidi kidogo tu, kwa hiyo baada ya kuchanganya kila kitu unaongeza asidi ya ndimu iliyoyeyushwa, tone kwa tone, hadi karatasi ya pH ikuoneshe 5 au chini kidogo. Ukiona povu la gesi wakati huo, ujue soda uliyoweka mwanzoni ilizidi. Salfoniki na slesi, kiungo kingine cha kusafishia ambacho wengine hukiita ungaroli, hazipotezi nguvu katika kiwango hicho cha asidi. Sabuni ya kweli ya mafuta ingeganda na kuharibika, kwa hiyo usijaribu njia hii kwenye sabuni ya mawese. Na kwa kuwa sabuni yako sasa ina asidi, waonye wateja wasiichanganye kabisa na dawa ya kutoa madoa yenye klorini, maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo inaua.

Turudi kwenye majivu na mwarobaini. Ninaelewa kinachowavutia watu huko, lakini asili ya kitu haithibitishi usalama wake. Wavuvi wa ziwa hili wanaujua utupa, mmea unaopandwa kwenye mipaka ya mashamba. Majani yake yakitwangwa na kutiwa majini samaki huelea, kwa sababu yana rotenoni, sumu inayouzuia mwili wa samaki kutumia oksijeni. Utupa hautoki kiwandani, hauna lebo, na unaua samaki kwa kasi ambayo sabuni yako haiwezi kuifikia. Pareto inayolimwa nyanda za juu kusini nayo ni ua, huvunjika haraka juani, jambo ambalo ni sifa njema, lakini ikiingia majini kabla ya kuvunjika ni hatari kwa samaki vile vile. Mwarobaini hauna tatizo katika sabuni, ila faida yake kwenye sufuria siioni. Majivu nayo yanatokana na kuni, na kilo nyingi za kuni hutoa majivu machache yenye nguvu isiyojulikana. Leo yatakuwa makali, kesho dhaifu, na wewe huna njia ya kujua mpaka sabuni ikatae kushika.

Kama unatamani kweli malighafi inayoota tena, angalia karai la chipsi. Mafuta yaliyokaangia mara nyingi humwagwa mtaroni au, vibaya zaidi, huendelea kutumika yakiwa meusi. Ukiyachuja vizuri na kuyachanganya na kostiki soda kwa vipimo sahihi unapata sabuni ya mche ya kufulia, na glisirini inayotoka kwenye mafuta hubaki ndani ya sabuni hiyo hiyo ikilainisha mikono, kwa hiyo karibu kila ulichoingiza kinatoka kama bidhaa. Mafuta ya mbegu za pamba yanafaa pia. Mafuta ya sangara kutoka kwenye mabaki ya minofu nimewahi kuona watu wakiyajaribu. Yanashika, ila huchacha upesi, na harufu yake mteja haisamehi. Kostiki soda inahitaji uangalifu mkubwa kuliko soda ashi, kwa hiyo jifunze kwanza kwa mtu anayeijua. Ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hutoa mafunzo ya namna hiyo.

Mwanao atataka kujua kama kemia hii inaishia kwenye sabuni. Mwambie aangalie udaga, yaani mihogo iliyovundikwa na kukaushwa. Mihogo michungu ya Ukerewe na Sengerema ina kiwanja kiitwacho linamarini, ambacho kikivunjwa hutoa sianidi. Mihogo inapolowekwa au kuvundikwa, kuta za chembe zake huachia, na kimeng'enya, yaani kichocheo cha asili, kilichomo ndani ya muhogo wenyewe hukutana na linamarini na kuivunja. Sianidi inayotoka huchemka katika nyuzi joto 26 tu, kwa hiyo kuanika juani kunatosha kuifukuza. Kimeng'enya kimoja hufanya kazi hiyo mara nyingi mno bila kwisha, katika joto la kawaida, ndani ya maji. Viwanda vya dawa vinatafuta vichocheo vya namna hiyo hiyo kwa gharama kubwa, na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2018 nusu yake ilikwenda kwa Frances Arnold kwa kazi ya kuviboresha vimeng'enya ili vifanye kazi ambazo asili haikuvipa. Sabuni za unga zinazosafisha vizuri katika maji baridi zina vimeng'enya pia.

Kahawa nayo ina lake. Kuondoa kafeini kulikuwa kukifanywa kwa viyeyushi vyenye klorini. Siku hizi baadhi ya viwanda hutumia kaboni dayoksaidi iliyoshindiliwa hadi ikawa na tabia ya kimiminika na ya gesi kwa pamoja, hali inayofikiwa kwenye nyuzi joto 31 na mgandamizo wa zaidi ya mara 70 ya ule wa hewa tunayovuta. Shinikizo likiachiwa, kiyeyushi kinapaa chenyewe na kahawa inabaki bila masalia.

Tofauti kati ya kukamata taka na kutoizalisha inaonekana vizuri kwa wachimbaji wadogo wa Geita. Zebaki hushikamana na chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko huo unachomwa, zebaki inachemka kwenye nyuzi joto 357, na mvuke wake unaingia mapafuni mwa anayechoma na kwa majirani. Sehemu huanguka na mvua, hufika majini, na bakteria wa kwenye matope huigeuza kuwa methilizebaki, inayoongezeka kwa kila samaki anayemla mwenzake hadi kwa sangara aliye juu. Chombo cha kuchomea kilichofungwa, kinachorudisha mvuke kuwa zebaki, ni hatua nzuri na nafuu, na yeyote anayechoma wazi leo akitumie. Lakini kemia ya kijani ingeuliza kwa nini zebaki iwepo: dhahabu ni nzito kuliko mchanga, kwa hiyo meza za kutikisa na mialo, ile mifereji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, iliyopangwa vizuri huikusanya kwa uzito wake, kisha boraksi husaidia kuiyeyusha na kuitenga na uchafu. Njia hiyo inataka mawe yasagwe vizuri na mtu awe na subira, na haifai kwa kila aina ya mwamba.

Nisingependa mtu asome haya na kuanza kuchukia klorini. Kipindupindu kikiingia kwenye mialo ya wavuvi, klorini ya kutia kwenye maji ya kunywa inaokoa maisha, na masalia yake machache hayawezi kulinganishwa na ugonjwa wenyewe. Maji yakiwa yameng'aa, njia ya kuyaweka kwenye chupa safi angavu na kuyaanika kwenye jua kali kwa saa 6 inafanya kazi bila kemikali yoyote ya kuongeza, lakini siku za mawingu haiaminiki, na maji ya ziwa yenye mwani huzuia mwanga. Penye mashaka, tia klorini.

Mwisho, lebo yako. Andika viungo vyote kwa majina yake, tarehe ya kutengeneza, pH uliyopima, onyo la kutochanganya na klorini, na maelekezo ya kumwaga maji kwenye udongo mbali na mto na ziwa. Maneno "haina fomalini" na "haina fosfeti" unaruhusika kuyaandika kwa sababu ni kweli na yanaweza kupimwa. "Rafiki wa mazingira" liache hadi utakapokuwa umezungumza na Shirika la Viwango Tanzania kuhusu kusajili bidhaa yako. Na wateja wanaorudi na chupa zao ili uwajazie wapunguzie bei kidogo, maana plastiki ndiyo kitu pekee katika biashara yako ambacho bakteria wa Mwanza hawawezi kukila. Isipokuwa chupa iliyowahi kuwa na dawa ya kuulia wadudu wa pamba, hiyo usiipokee hata kama imeoshwa.